Nguo ya kulalia haitembei njiani

Wadogo zangu wagumu wapya, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, msimu huu nimewaona tena pale geti la Machame mkiwa na jinzi, raba za mpira na begi lisilo na hata nailoni ndani. Jua linawaka, geti liko mita 1,800 hivi, baridi nani aiwaze? Lakini kila mita 1,000 mnazopanda, joto linashuka nyuzi kama sita. Siku ya nne au ya tano mko kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, na jinzi iliyolowa msituni bado mbichi. Nawapenda, ila uvumilivu unaniisha.

1. Viatu. Buti la mtumba la soko la Memorial pale Moshi linafaa, ila livute soli kwa nguvu, kisha livae mtaani wiki nzima kabla ya safari. Gundi iliyozeeka huachia kwenye matope.

2. Seti mbili za nguo, ya njiani na ya kulalia. Ya njiani itatota, kwa mvua au kwa jasho, hilo halina mjadala. Ya kulalia ifunge kwenye nailoni mbili, uizike katikati ya begi, na usiiguse mpaka uko ndani ya hema. Asubuhi ukiikuta ya njiani bado mbichi, ivae hivyohivyo, mwili utachemka ukianza kupanda.

Masika moja tulikuwa na kijana hodari sana wa mzigo. Siku ya kwanza mvua ilitupiga msituni mpaka kambini. Akabadili, akalala mkavu. Asubuhi anga jeupe, Kibo inang'aa, akashindwa kuvaa suruali inayochuruzika maji. Akavaa ile kavu, ile mbichi akaitandika juu ya mzigo ikauke. Tulimwona wote, na kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia. Mchana wingu likapanda kutoka chini kama kawaida yake, na kabla hatujaingia kambi ya Shira ikawa mvua ya mawe. Hapo hana kavu hata moja. Nanyi mnajua, ukitua mzigo hujamaliza kazi: hema la mgeni lisimame, maji yachotwe, na muda wote huo jasho linapoa mgongoni. Nilimkuta anafunga kamba ya hema. Fundo lilelile analirudia, vidole havikunji, kamba inateleza. Nikamsemesha, maneno yakamtoka yakiburuzana. Kilichonitisha zaidi, alikuwa ameacha kutetemeka. "Sasa sijambo kaka, baridi imeisha." Wadogo zangu, ile haikuwa nafuu. Mwili uliolowa ukiacha kutetemeka wakati baridi ni ileile, umeishiwa nguvu za kujipasha moto. Tukamvua kila kitu, tukamwingiza kwenye mifuko miwili ya kulalia, mwenzetu akalala naye wamebanana, mpishi akamnywesha chai ya sukari kidogokidogo. Ilipita saa nzima ndipo akaanza kutetemeka upya, na sote tukashukuru. Kesho yake akashushwa. Yuko hai, ila safari na posho viliishia pale.

3. Usicho nacho, kaazime. KPAP, shirika la kusaidia wapagazi pale Moshi, wanaazima wagumu nguo za mlimani bure. Nenda mapema, siyo asubuhi ya safari.

4. Mzigo wa kampuni mwisho kilo 20. Ukizidi, sema palepale kwenye mizani. Nimeona mtu anaacha koti lake ili begi liwe jepesi, nikatamani kumrudisha nyumbani kwa mama yake.

5. Ondokeni mapema. Asubuhi huwa shwari kuliko mchana.

6. Kwa watakaosindikiza wageni kileleni: chupa ya maji ibebwe kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu.

7. Ukiumwa, sema. Najua mnaficha kwa kuogopa kukatwa posho. Kichwa kikizidi kuuma na unatapika, usipande tena. Ukianza kuyumba, kukohoa povu, au kuhema ukiwa umekaa tu, unashushwa saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Kuzaliwa Marangu, chini ya mlima huuhuu, hakukukingi na hewa nyembamba ya mita 4,600. Mwambie kiongozi wako. Asipokusikiliza, mwambie mpishi, mwambie ranja wa kambi. Na ukiniona mimi kambini, niamshe, hata kama safari si yangu.