Nahodha aliyerudi peke yake: majibu ya maswali yenu kuhusu Odysseus

Wiki iliyopita niliandika kuhusu Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca kwenye ule utenzi wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, unaoitwa Odyssey, jamaa aliyepigana vita vya Troy miaka 10 halafu akatumia miaka 10 mingine kurudi kwa mkewe Penelope, na mle ndani nikamwita shujaa mara kama tano hivi, ingawa nilimlaumu pia kwa wenzake kufia njiani. Meseji zilivyomiminika, mmh. Wengi wenu hamkubali kabisa. Nimechagua chache, nyingine zinafanana na nyingine zina matusi, kwa mtu wa kwenye hadithi jamani.

Hivi unamwitaje shujaa mtu muongo, mzinzi na muuaji? Shujaa si ndio mtu wa kuigwa?

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tukisema shujaa tunamwona mtu wa kupigiwa saluti, ana siku yake kabisa, Tanzania Julai 25, Kenya Oktoba 20, tunaweka mashada, na hakuna anayekwenda kumwekea shada mtu mwenye madudu. Wagiriki neno lao ni heros, na halikumuuliza mtu tabia yake. Kwa Homer ni karibu na kusema bwana mkubwa wa enzi zile, hata Demodocus, kipofu anayeimba na kupiga kinubi pale ikulu ya Wafaeakia, watu waliompokea Odysseus mwishoni mwa safari yake, naye anaitwa hivyo hivyo. Baadaye likawa neno la dini, heros ni marehemu mwenye nguvu, kaburi lake linatolewa sadaka, maana ukimpuuza anaweza kukudhuru.

Sasa sikia hii. Kulikuwa na bondia, Cleomedes wa kisiwa cha Astypalaea, mwanzoni mwa karne ya 5 KK alimuua mpinzani wake ulingoni Olympia, wakamnyima ushindi, akarukwa na akili, akarudi kwao akaiangusha nguzo ya shule, paa likawaangukia watoto kama 60. Watu wakamkimbiza kwa mawe, akakimbilia hekalu la Athena akajifungia kwenye sanduku, walipolivunja hamna mtu. Wakatuma ujumbe Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo la utabiri, kuuliza, wakajibiwa huyo ni heros wa mwisho, mtoleeni sadaka. Pausanias, mwandishi msafiri wa Kigiriki, ndiye anayeisimulia. Watoto 60! Kwa hiyo kwa kipimo chao Odysseus anapita getini bila hata kukaguliwa. Kwa kipimo chetu ndio kuna kesi, na hiyo ndiyo ninayoitaka.

Unamlaumu bure, wenzake walijitakia. Si walikula ng'ombe wa mungu?

Ndivyo utenzi unavyosema pale mwanzo kabisa, walikufa kwa ujinga wao wenyewe, walikula ng'ombe wa Helios, yule mungu wa jua. Sawa. Ila piga hesabu. Katoka Troy na meli 12. Waliokula ng'ombe ni watu wa meli moja. Zile 11 ziko wapi?

Njoo nikuonyeshe. Wanafika kwa Walaestrigonia, bandari safi, majabali huku na huku, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Manahodha wote wanaingiza meli ndani wanazifunga pamoja. Odysseus peke yake anaifunga ya kwake nje, kwenye mwamba pale mdomoni. Kwa nini? Hasemi. Wenyeji kumbe ni majitu, wanaporomosha mawe toka juu, wanawachoma watu kwa mikuki kama samaki wakawale, na yeye anachomoa upanga, anakata kamba, anawaambia watu wake wavute makasia kwa nguvu zote. Meli 11 zimeisha, kwa mistari michache tu, hadithi inaendelea. Kama ile bandari ilimtia wasiwasi mbona hakuwaambia wenzie?

Na nani anatusimulia haya? Yeye mwenyewe. Kitabu cha 9 mpaka cha 12 ni Odysseus anaongea mezani kwa Wafaeakia, kashakula kashiba, anataka wampe usafiri wa kwenda kwao. Mashahidi wengine wote wamekufa. Ni kama dereva aliyepona peke yake kwenye ajali ndio anawaelezea ndugu wa marehemu breki zilivyokatika, utamsikiliza, utamwonea huruma, ila masikio yako yatabaki kwenye kile asichokisema.

Kosa lake kubwa si lile la kujitangaza kwa yule Cyclops?

Hilo ndilo maarufu. Polyphemus, jitu la jicho moja, kashawala watu 6 kati ya 12 walioingia naye pangoni, wawili wawili kama vitafunwa, Odysseus akamlewesha, akamwambia jina langu ni Hakuna Mtu, akamtoboa jicho kwa gogo la mzeituni lililochongwa na kuchomwa motoni, asubuhi wakatoka wamejificha matumboni kwa kondoo. Umeshinda, uko kwenye meli, si unyamaze uende? Hawezi. Anapiga kelele mpaka jina la baba na anapokaa, mimi Odysseus mwana wa Laertes, nakaa Ithaca. Wenzie wanamsihi, wapi. Na Polyphemus ni mtoto wa Poseidon mwenye bahari, sasa ana jina kamili la kumpelekea baba yake.

Upumbavu mtupu, lakini hili mimi namsamehe, maana sisi kikombe cha chai tu tunaposti, sembuse kumshinda jitu. Kinachonikera ni cha kabla yake. Walipoingia tu mle pangoni na jitu halipo, wenzie walimwambia tuchukue jibini na wanakondoo tuondoke zetu. Akakataa, anataka amwone mwenye nyumba, pengine atampa zawadi ya mgeni. Watu 6 wameliwa kwa ajili ya zawadi. Na anakiri kwa mdomo wake kwamba ingekuwa afadhali sana angewasikiliza, kwa hiyo hata hivyo si shahidi wa hovyo kabisa.

Penelope kakaa miaka 20, yeye kalala na Circe na Calypso. Mnamtetea kwa sababu ni mwanaume.

Dada yangu, hapa sina utetezi. Kwa Circe, yule mungu wa kike mchawi, kakaa mwaka mzima, na wenzie ndio waliomkumbusha kuwa kuna kwao. Kwa Calypso, mungu wa kike aliyemshikilia kisiwani kwake, miaka 7, ndiyo, hakuwa na meli wala njia ya kutoka, mchana analia ufukweni, usiku analala naye bila kutaka, lakini Homer katia kaneno kadogo hapo, anasema yule mwanamke alikuwa hampendezi TENA. Hilo "tena" lisikupite.

Huku nyumbani wachumba wamejazana wanataka kumwoa Penelope, naye kawaambia atachagua akimaliza kufuma sanda ya baba mkwe, mchana anafuma, usiku anaifumua, miaka 3 nzima hawajashtuka, na walikuwa 108. Odysseus aliporudi akili zao zikakutana, na aliyenaswa ni mwanaume. Penelope, ili amjaribu, kaagiza kitanda chao cha ndoa kitolewe nje ya chumba, jamaa akawaka, kitanda gani hicho kinachohamishika wakati mguu wake ni shina la mzeituni nililolichonga mwenyewe likiwa bado ardhini? Hapo ndipo akamkubali. Ukiniambia shujaa wa utenzi ule ni Penelope sibishani na wewe, nakupisha kiti.

Wachumba walikula mali yake, aliwaua kihalali. Ubaya uko wapi?

Wachumba siwalilii. Soma mbele kidogo, kitabu hicho hicho cha 22. Wajakazi 12 waliokuwa wakilala na wachumba wanaamriwa kwanza wabebe maiti, wafute meza na viti kwa maji na sponji, halafu wanatolewa uani. Odysseus kasema wauawe kwa upanga, mwanawe Telemachus kaona hicho ni kifo cha heshima mno kwao, kachukua kamba ya meli, kaifunga kwenye nguzo, akawanyonga kwenye mstari. Homer anawafananisha na ndege walionaswa wakati wakirudi zao kulala. Miguu ilitapatapa kidogo, anasema, si kwa muda mrefu.

Hawa ni watumwa. Nyumba imejaa wanaume 108, bwana wao hayupo miaka 20, wakatae kwa nguvu gani? Na anayenimaliza ni Odysseus mwenyewe, kwa sababu mwanzoni mwa kitabu hicho hicho, alipojitambulisha kwa wachumba, moja ya mashtaka aliyowasomea ni kwamba mmelala na wajakazi wangu KWA NGUVU. Alijua! Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Basi Hector ndiye shujaa wa kweli?

Huyu ni mwana wa mfalme wa Troy kwenye Iliad, utenzi mwingine wa Homer. Anapigania mji wake, mkewe, na mtoto mchanga anayelia akiiona kofia ya vita ya baba, kwa hiyo moyo wangu uko kwake. Naye lakini alipomwona Achilles, mpiganaji mkali kuliko wote wa Wagiriki, anakuja alitimua mbio, wakazunguka kuta za Troy mara 3. Hakuna msafi mle.

Tuandikie wa kwetu, Fumo Liyongo hana doa.

Nitaandika. Ila Liyongo naye alitoka gerezani kwa hila, tupa imefichwa kwenye mkate wa wishwa, nje ngoma inarindima ili mlio wa kukereza chuma usisikike, Odysseus angesimama ampigie makofi. Tofauti ni mwana. Wa Liyongo alimchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni, wa Odysseus alisimama upande wa baba yake, na mmeona alichofanya na ile kamba.

Kuna mahali alidanganya bila sababu yoyote?

Swali zuri hili. Kitabu cha 24. Maadui wote wamekwisha, hakuna wa kumwogopa, anakwenda shambani kumwona baba yake. Mzee Laertes kavaa nguo yenye viraka, anapalilia mti. Odysseus anasimama chini ya mpeasi anatokwa machozi, anajishauri amkumbatie au amjaribu kwanza, na anaamua kumjaribu. Anamwambia mimi ni mgeni natoka Alybas, mwanao nilimpokea kwangu miaka 5 iliyopita. Mzee akachota vumbi kwa mikono miwili akajimwagia kichwani kwenye mvi. Hapo ndipo jamaa akashindwa kuvumilia, akamrukia, baba ni mimi. Mzee hasadiki, anataka alama. Akamwonyesha kovu la mguuni, halafu akaanza kumtajia miti aliyopewa mle shambani utotoni, alipokuwa akimfuata nyuma nyuma akiuliza majina yake, mipeasi 13, mitufaa 10, mitini 40, na ile mistari 50 ya mizabibu uliyosema utanipa. Mzee magoti yakamwisha nguvu.