Gari haivuti mlimani? Usikimbilie koni

Wadogo zangu mnaoanza gereji, atakuja mteja na IST au Probox, fundi gari haivuti kilimani nifungie ea klina ya koni, ile filta ya hewa iliyo wazi bila boksi, kama ya mshkaji wangu. Msikimbilie hela. Mimi ya kwangu niling'oa boksi lote la filta na bomba lake nikafunga koni, mlio ukawa mtamu nikajiona dereva wa rali, kufika mlima Kitonga na abiria watatu gia ikawa inashuka yenyewe, injini inalia tu, pale pale nilipokuwa napita kiulaini.

Koni ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta joto la injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, na hewa ikiwa kidogo mafuta nayo yanaenda kidogo, nguvu utaitoa wapi? Halafu ile manifoldi ya plastiki, inayogawa hewa kwenye silinda, ya injini ya 1NZ ya hizo IST na Probox ina mabomba marefu yamejikunja, sio urembo ule. Valvu ikifunga, hewa iliyokuwa inakimbia inajigonga inarudi kama wimbi, na bomba likiwa refu wimbi linawahi valvu ikifunguka tena hata injini ikizunguka taratibu. Fupi na nene ni la wale wanaokanyaga mpaka mizunguko 6,000 kwa dakika huko. Ndio maana injini za Toyota 4A-GE za zamani ziliwekewa mfumo wa T-VIS, resi ikiwa chini inaziba nusu ya njia za hewa ili inayopita ipite kwa kasi, inafungua zote ikishavuka 4,000.

Kwahiyo rudisha boksi, weka filta mpya ya karatasi. Mdomo wa bomba uvute hewa ya nje nyuma ya grili, ila usiushushe kwenye bampa, mvua za Dar mnazijua, injini ikinywa maji konrodi, zile fimbo za pistoni, zinapinda hapo hapo. Ule mpira wa kwenda kwenye throto ukunjue uangalie nyufa, mara nyingi ugonjwa wote uko hapo na mtu kashabadilisha plagi na koili bure. Sensa ya hewa isafishe na sprei yake, kidole usiguse. Koni za kupaka oili nazo huwa zinaichafua.

Kabla hujagusa kitu panda kilima kimoja na mteja, mzigo ule ule, hesabu sekunde kutoka spidi 40 mpaka 80, ukimaliza rudieni, maana sikio linadanganywa na mlio.