Kabla hujanunua seva kubwa zaidi, hesabu kumbukumbu uliyonayo

Seva nyingi ninazoitwa kuziokoa zimezimika kwa sababu moja: mtu aliziruhusu kupokea kazi nyingi kuliko kumbukumbu, ile RAM, iliyomo ndani yake. Natunza seva za watu hapa Kisumu, zikiwemo za gazeti la mtandaoni, za shule na za chama cha akiba na mikopo. Siku ya msongamano swali huwa lilelile: "Ndugu yangu, seva imelala. Tununue ile kubwa?" Mara nyingi hakuna haja. Pesa za kulipia mashine kubwa kila mwezi zingemlipa mwandishi wa mikoani, na mashine mpya yenye mipangilio ya zamani italala vilevile, ila itachelewa kidogo.

Mfano ninaoutumia sana ni wa tovuti moja ya habari ya hapa mjini, wiki ya uchaguzi wa Agosti 2022. Kura zilipigwa tarehe 9, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 15, na siku zote za katikati watu wa Kondele, Nyalenda na Manyatta walikuwa wanafungua ukurasa mmoja uleule, wanaufunga, wanaufungua tena. Tovuti ilikuwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwenye mashine ya gigabaiti 4: Nginx mbele ikipokea maombi ya wasomaji, PHP-FPM nyuma yake ikitengeneza kurasa, na MySQL, yaani hifadhidata, ndani ya mashine hiyohiyo. Kwenye faili la mipangilio ya PHP-FPM kulikuwa na mstari huu, unaoweka idadi ya juu ya michakato ya PHP inayoweza kufanya kazi kwa pamoja: pm.max_children = 200.

Ukiuangalia haraka, unaonekana ni mstari wa mtu mwenye busara. Wageni ni wengi, basi watumishi nao wawe wengi. Lakini kila mchakato wa PHP kwenye tovuti ile ulikuwa unakula takriban megabaiti 70. Zidisha kwa 200, unapata gigabaiti 14, na mashine ina 4. Wageni wakiwa wachache hutaona kasoro yoyote, maana michakato mingi haijaanzishwa. Wakimiminika, PHP-FPM inaanzisha mchakato baada ya mchakato kama ilivyoruhusiwa, kumbukumbu inaisha, mashine inaanza kuhamishia data kwenye diski, na kila kitu kinakuwa kizito. Ni kama kukaanga ngege pale Dunga: ukijaza karai samaki wote kwa mkupuo, mafuta yanapoa na hakuna anayeiva.

Kinachofuata ndicho kinachowapoteza watu. Kumbukumbu ikiisha kabisa, keneli ya Linux, kiini cha mfumo wa mashine, huchagua mchakato wa kuua, na kwa kawaida humwendea anayekula kumbukumbu nyingi zaidi. Kwenye mashine ya namna hii huyo ni MySQL. Kwa hiyo msomaji anaona ujumbe kwamba tovuti imeshindwa kuifikia hifadhidata, mwenye tovuti anaamini hifadhidata ndiyo mbovu, na mtu anaanza kuhangaika na jedwali ambazo hazina kosa lolote. Ukiona MySQL imekufa bila sababu, kabla ya kuigusa endesha dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, na utafute neno "oom" (out of memory, kumbukumbu imeisha). Likiwepo, unajua uhalifu ulitendekea wapi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku ya kazi ya kawaida, endesha amri hii:

ps --no-headers -o rss,cmd -C php-fpm8.1

Badilisha namba ya toleo kulingana na PHP yako. Safu ya kwanza ni kumbukumbu ya kila mchakato kwa kilobaiti. Jua tu kwamba namba hiyo inahesabu pia sehemu ambazo michakato inagawana, kwa hiyo inazidisha kidogo. Kuzidisha huko ni kwa usalama wako, kuache. Kisha toa: gigabaiti 4, ondoa moja na ushee ya MySQL, ondoa nusu ya mfumo wenyewe na Nginx, unabaki na kama gigabaiti 2.3. Gawanya kwa megabaiti 70, unapata 33 hivi. Mimi niliandika 30, nikaweka pm = static ili michakato yote iwepo tangu mwanzo na kumbukumbu inayotumika ijulikane hata usiku wa manane wakati hakuna mgeni.

Kutoka 200 hadi 30. Mwenye tovuti alishtuka, na ninamwelewa. Inaonekana kama kufunga milango wakati umati umefika. Ila maombi yanayozidi 30 hayafukuzwi papo hapo. Yanapanga foleni kwenye soketi, mlango kati ya Nginx na PHP, na ombi lililo kwenye foleni halili kumbukumbu kama mchakato mzima wa PHP unavyokula. Kama kila ukurasa unatengenezwa kwa sekunde 0.3, michakato 30 inatoa kurasa 100 kwa sekunde. Hiyo ni kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na mpaka leo sijaona chombo bora cha kupimia seva: kazi zilizo mkononi ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kila kazi. Ukurasa ukichukua sekunde 3, michakato ileile 30 inatoa kurasa 10 tu kwa sekunde. Kwa hiyo baada ya kuweka mpaka, swali linalobaki ni namna ya kupunguza muda, na njia ya haraka kuliko zote ni kutomsumbua PHP kabisa.

Hapa ndipo kashe ya Nginx, hifadhi ya nakala za kurasa zilizokwisha kutengenezwa, inapoingia, na ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Fikiria wasomaji 500 wanaoomba ukurasa wa mwanzo ndani ya sekunde moja. Wote wanapata maandishi yaleyale, herufi kwa herufi. Hakuna sababu ya PHP kuutengeneza mara 500. Hifadhi nakala kwa sekunde 10 tu, na PHP itautengeneza mara moja katika hizo sekunde 10, hata waje 500 au 5,000. Mhariri akibadilisha kichwa cha habari, msomaji anakiona baada ya sekunde chache. Hata siku ya matokeo hakuna aliyelalamika kuhusu sekunde 10. Mistari yenyewe ni hii, ule wa kwanza ukiwa nje ya sehemu ya server kwenye mipangilio ya Nginx:

fastcgi_cache_path /var/cache/nginx/php levels=1:2 keys_zone=HABARI:20m max_size=500m inactive=60m;

fastcgi_cache HABARI;
fastcgi_cache_key "$scheme$request_method$host$request_uri";
fastcgi_cache_valid 200 10s;
fastcgi_cache_lock on;
fastcgi_cache_use_stale updating error timeout http_500 http_503;
fastcgi_cache_background_update on;
fastcgi_cache_bypass $ruka;
fastcgi_no_cache $ruka;

Mstari wa lock usiusahau. Bila huo, siku ambayo nakala haipo kabisa, maombi yote 500 yanamvamia PHP kwa pamoja kutafuta kitu kimoja. Ule wa use_stale unaniridhisha kuliko yote: PHP ikikwama, Nginx inaendelea kutoa nakala ya zamani kidogo badala ya ukurasa wa kosa. Msomaji aliye stendi ya mabasi, mwenye bando la saa moja, anapata habari ya dakika iliyopita. Hiyo inamfaa kuliko ukurasa mweupe.

Kigezo cha $ruka, kinachoiambia Nginx iruke kashe, unakitengeneza mwenyewe kwa agizo la map: kiwe 1 kama mgeni ana kuki inayoanza na wordpress_logged_in, yaani ameingia kwa nywila, au kama anafungua wp-admin, ukurasa wa wasimamizi. Hapa kuwa mkali. Kwa kawaida Nginx haihifadhi jibu lenye Set-Cookie, yaani linalompa mgeni kuki yake, na inaheshimu Cache-Control, maelekezo ya tovuti kuhusu kinachoruhusiwa kuhifadhiwa. Lakini mitandaoni kuna mipangilio mingi inayosambazwa yenye fastcgi_ignore_headers Set-Cookie, eti ili kashe ifanye kazi zaidi. Ukiinakili hiyo kwenye tovuti ya chama cha akiba na mikopo, mwanachama mmoja anaweza kufungua ukurasa akaona salio la mwenzake. Kwa tovuti ya aina hiyo mimi nahifadhi kurasa za umma tu, nikizitaja moja moja, na kila kitu kilicho nyuma ya nywila hakiguswi.

Kwa upande wa Nginx yenyewe hakuna mengi ya kurekebisha. Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004 akilenga hasa miunganisho mingi kwa wakati mmoja, na bado inaiweza. Weka worker_processes auto. Pandisha worker_connections, idadi ya miunganisho inayoruhusiwa, ukikumbuka kwamba ombi linalopitishwa kwa PHP linashika miunganisho miwili, mmoja wa msomaji na mmoja wa nyuma. Pandisha pia worker_rlimit_nofile, kwa sababu kikomo cha kawaida cha faili zilizofunguliwa ni 1024 na kila muunganisho unahesabiwa kama faili. Kama badala ya Nginx unatumia Apache inayoendesha PHP ndani yake (mod_php), hesabu ya kumbukumbu ni ileile, ila jina la mstari ni MaxRequestWorkers. Thamani yake ya kawaida kwenye prefork, namna ya Apache ya kutumia mchakato mmoja kwa kila ombi, ni 256, kubwa mno kwa mashine ndogo.

MySQL nayo ina mambo mawili tu ya kuanzia. innodb_buffer_pool_size, kumbukumbu ambamo MySQL hushikilia data inayotumika, huanza na megabaiti 128, kidogo sana kwa tovuti yenye habari za miaka. Ile gigabaiti moja tuliyoitenga kwenye hesabu iende huku. Na washa slow_query_log, orodha ya maswali ya hifadhidata yanayochelewa, ukishusha long_query_time kutoka sekunde 10 hadi 1. Iache kwa siku kadhaa, kisha isome. Karibu kila tovuti ya WordPress niliyoitazama ilikuwa na programu-jalizi moja, mara nyingi ile ya "habari zinazosomwa zaidi", inayopekua jedwali zima kwa kila mgeni.

Kuna pia wp-cron, kazi za ratiba ambazo WordPress huziendesha mgongoni mwa mgeni anayefungua ukurasa. Zima kwa DISABLE_WP_CRON, uiweke kwenye cron ya kweli ya mfumo, kiratibu cha kazi cha Linux. Ukishakuwa na kashe ni lazima, maana wageni wengi hawamfikii PHP tena na ratiba zako zitachelewa.

Sasa suala ambalo wanaofundisha seva kutoka Ulaya hawalizungumzii, kwa sababu haliwaumi. Seva ikiwa Frankfurt na msomaji yuko Nakuru au Kakamega, kwenda na kurudi mara moja mara nyingi hupita milisekunde 100. Kabla ya herufi ya kwanza kufika, kuna safari ya kufungua muunganisho, kisha za usimbaji wa kulinda mawasiliano (TLS): mbili kwa TLS 1.2, moja kwa TLS 1.3. Washa TLS 1.3. Washa HTTP/2, inayopitisha faili nyingi kwenye muunganisho mmoja. Hakikisha gzip, inayopunguza ukubwa wa faili, inabana pia CSS, JavaScript na JSON, kwa sababu ukiandika gzip on peke yake Nginx hubana HTML tu. Weka picha na faili tuli kwenye mtandao wa usambazaji (CDN), unaohifadhi nakala karibu na msomaji, wenye kituo hapa nchini. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Nairobi na Mombasa. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, tofauti kati ya kitu kilichohifadhiwa Nairobi na kile kinachovuka bahari ilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye simu.

Na punguza picha. Picha ya megabaiti 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ya mwandishi inamla msomaji bando na inashikilia muunganisho wa seva muda wote simu yake inapoivuta kwa mtandao dhaifu. Iwe ya aina ya WebP, ambayo ni nyepesi, upana wa pikseli 1,200 ukitosha. Hili nimelipigania na wahariri wengi na nitaendelea kulipigania.

Kabla ya siku kubwa, jaribu mzigo. Uchaguzi, matokeo ya KCSE, Gor ikicheza na Ingwe, siku hizi zinajulikana mapema. Tumia wrk au k6, programu zinazotuma maombi mengi kwa pamoja, kutoka mashine nyingine iliyo kwenye kituo cha data, kamwe usitumie intaneti ya nyumbani, maana utakuwa unapima ruta yako. Iambie kampuni inayokukodisha seva, ili wasidhani unashambuliwa. Changanya kurasa halisi: mwanzo, habari ya zamani isiyo kwenye kashe, na ukurasa wa utafutaji, ambao ndio huvunja wengi kwa kuwa kila neno ni ukurasa mpya. Huo wa utafutaji uwekee limit_req, agizo la Nginx la kupunguza kasi ya maombi. Katika matokeo, wastani hauna habari nyingi. Angalia asilimia 5 waliosubiri zaidi, hao ndio watakaofunga tovuti yako wakaenda kwingine.

Ongeza pia $request_time, $upstream_response_time na $upstream_cache_status kwenye muundo wa logi ya Nginx, rekodi ya kila ombi, uone kila ombi lilichukua muda gani, PHP ilikula kiasi gani cha huo muda, na kama kashe ilisaidia. Fanya hivi wiki moja kabla, ili uwe na siku za kawaida za kulinganisha. Baada ya siku kubwa, nakili logi hizo mahali pengine mapema: kwenye Ubuntu, logi za Nginx huanzishiwa faili jipya kila siku na za zaidi ya siku 14 hufutwa, na utazihitaji utakapokaa na mwenye tovuti kuamua kama ile mashine kubwa inahitajika kweli.