Kano ya Kisigino Iliyokatika Miezi Minne Iliyopita: Je, Bado Inatibika?

SWALI: Daktari, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na nina umri wa miaka 41. Miezi minne iliyopita, tulipokuwa tukisukuma mtumbwi majini, nilisikia mlio nyuma ya mguu wa kulia nikadhani nimepigwa teke, kumbe nyuma yangu hapakuwa na mtu. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, nikaambiwa nimeteguka, na tangu hapo nakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa. Maumivu yamekwisha, lakini nachechemea, kigimbi kimenywea, na kupanda kilima kwenda nyumbani ni taabu. Wenzangu wanasema nimeshachelewa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Umechelewa, lakini si kwa kiasi cha kukosa tiba.

Maelezo yako, hasa hilo teke lisilo na mpigaji, yanaelekea sana kwenye kukatika kwa kano ya kisigino, ambayo huunganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Eksirei huonyesha mifupa, kwa hiyo kano inaweza kukatika kabisa na picha ikatoka safi. Kinachowapotosha wengi ni kwamba mgonjwa bado anaweza kushusha wayo, kwa kuwa misuli inayokunja vidole husaidia kazi hiyo. Jaribu, huku umeshika ukuta, kusimama kwa ncha za vidole vya mguu wa kulia peke yake. Kisigino kisipoinuka, usiendelee kusubiri.

Kwisha kwa maumivu hakumaanishi kupona. Kano iliyoachwa bila matibabu, ncha zake huvutwa mbali, na pengo hujazwa na kovu dhaifu linaloirefusha, hivyo kwamba msuli hukaza bila kukiinua kisigino na hatimaye hunywea kwa kukosa kazi. Kuchua hakuwezi kuziunganisha ncha hizo. Naona heri uache.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ukapimwe kwa ultrasaundi, na ikibidi uombe rufaa ya kumwona daktari bingwa wa mifupa, kwa mfano Bugando, Mwanza. Pengo likiwa dogo, la sentimita 2 hivi, ncha huweza kushonwa moja kwa moja baada ya kovu kuondolewa. Likiwa kubwa zaidi, daktari hurefusha sehemu ya juu ya kano, na linapozidi sentimita 5, mara nyingi huhamisha kano ya dole gumba la mguu ili ifanye kazi ya ile iliyokatika. Baada ya hapo hufuata hogo au kiatu maalumu kwa wiki kadhaa, kisha fiziotherapia. Kazi ya kusukuma mtumbwi huenda ikasubiri miezi 6 hadi 12. Kwa mzee asiyefanya kazi nzito, kifaa cha kushikilia kifundo na mazoezi huweza kutosha, ila kwa mvuvi wa umri wako nadhani upasuaji una faida zaidi.

Ngozi ya eneo hilo ni nyembamba na kidonda chake hupona kwa shida, hasa kwa mvutaji sigara na mwenye kisukari, kwa hiyo mweleze daktari ukweli kuhusu hayo mawili. Mtajie pia kama ulikuwa ukitumia siprofloksasini (dawa ya kuua bakteria), au ulichomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kisiginoni, kabla ya kuumia, kwani dawa hizo huweza kudhoofisha kano.