Meli bila mabaharia: itavuka bahari kuu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomea uhandisi wa meli. Wenzangu wanasema tunapoteza muda, kwani meli zisizo na mabaharia zimeshaanza kusafiri. Kweli meli ya mizigo inaweza kuvuka bahari kuu bila mtu ndani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Meli zinazojiongoza zimeanza kusafiri. Mwaka 2022 meli ya makontena ya Japani, Suzaku, ilikwenda na kurudi kiasi cha kilomita 790 ikijiongoza karibu safari nzima, mabaharia wakiwemo kwa tahadhari. Norwei wana Yara Birkeland, inayotumia betri na kubeba makontena 120 kwa safari fupi za pwani.

Tatizo ni kwamba watu hutazama usukani tu. Mimi umri wangu umeishia chumba cha injini, na naamini kikwazo kiko huko. Mafuta mazito ya injini kubwa hupashwa moto kupita nyuzi 100 ndipo yaweze kuchomwa. Bahari ikichafuka, uchafu uliotuama chini ya tangi huvurugika na kuingia kwenye mabomba. Filta inaziba, presha inashuka, king'ora kinalia usiku wa manane. Fundi wa zamu anahamishia mafuta kwenye filta ya pili, anafungua ya kwanza, anaisafisha kwa mkono, na kabla hajaifunga ile ya pili nayo imeanza kuziba. Bandari iko mbali siku tano. Nani ataifanya kazi hiyo?

Mayflower, chombo kidogo cha majaribio kisicho na mtu, kilivuka Atlantiki mwaka huohuo wa 2022. Kilichokisumbua si njia. Hitilafu za mitambo na umeme zilikilazimisha kupitia visiwa vya Azores, kisha kikaishia kwanza Halifax, Kanada, ilhali kilikuwa kinaelekea Marekani. Mota za umeme zingepunguza adha hii sana, ila betri za leo hazina uwezo wa kuvusha meli kubwa bahari kuu.

Na kuna linaloniuma zaidi. Mkataba wa SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unamtaka nahodha akipata habari za watu walio hatarini baharini aende kuwaokoa. Kamera itamwona anayeelea. Nani atamvuta ndani?

Kwa hiyo safari fupi, ndiyo. Bahari kuu, bado. Mabaharia watapungua kwanza. Usiache masomo. Ongeza umeme na mifumo ya kudhibiti mitambo, maana atakayekaa nchi kavu akisoma presha ya injini iliyo katikati ya bahari lazima awe anaijua injini yenyewe.