Simu ya zamani kama modemu: anza na waya, waifai baadaye

Mkuu, umeuliza kama simu yako ya Android ya zaidi ya miaka kumi, ambayo siku hizi inakwama hata kufungua ukurasa mmoja, inaweza kuipa laptopu intaneti, au ununue modemu tu. Usinunue kwanza. Mimi natumia simu ya rika hilo kwa kazi hiyo, huu ni mwaka wa nne, na kioo chake kimepasuka kona mbili.

Uzee wa simu huonekana pale inapofanya kazi za kompyuta. Ikifungua ukurasa, prosesa inaelemewa, kumbukumbu inajaa, na tovuti nyingine zinaikataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama ni vya kale. Ikigeuka modemu, yote hayo yanaitoka. Inapokea data kutoka mnarani na kuipitisha kwenye laptopu, basi. Kivinjari, usimbaji fiche (kuificha data kwa usalama) na video vyote ni mzigo wa laptopu. Ndiyo maana simu yangu haiwezi kufungua tovuti ya kazini kwangu, lakini laptopu inaifungua vizuri kupitia simu hiyohiyo.

Nilianza mambo haya zamani, enzi za Nokia yenye infraredi. Unaiweka simu mezani, jicho lake likitazama jicho la laptopu, unapiga *99#, unasubiri. Infraredi ile ilimudu kilobiti 115 kwa sekunde, ila GPRS, intaneti ya 2G ya enzi hizo, ilikuwa inaleta kama 40 hivi siku nzuri. Ukiisukuma laptopu kidogo tu, muunganisho umekatika. Hata wakati ule kilichochelewesha kilikuwa mtandao, simu yenyewe haikuwa na shida.

Kwa hiyo la kukagua kabla ya yote ni mtandao ambao simu yako inaushika. Kama inaishia 3G, hakikisha minara ya kwenu bado inarusha 3G, maana katika baadhi ya nchi imeshazimwa na simu ya namna hiyo huangukia 2G. Kama ni ya 4G, angalia bendi zake, yaani masafa ya redio inayoyashika. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa bendi ya mnara wako na ikakaa 3G muda wote.

Sasa waya. Kusambaza mtandao kwa USB kumo ndani ya Android tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010, kwa hiyo yako bila shaka inako. Mimi naupenda waya kuliko hotspoti, yaani simu kusambaza intaneti kwa waifai, kwa sababu simu inapata chaji hapohapo, haipati moto sana, na hakuna jirani wa kudandia. Lakini chunga waya wenyewe. Nilipoteza siku mbili nzima kitufe cha USB, kile cha kuwasha usambazaji huo kwenye mipangilio ya simu, kikigoma kubonyezeka, nikafuta mipangilio, nikafomati simu, bure. Kumbe waya ulikuwa wa kuchajia tu. Waya kamili wa USB 2.0 una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data, na huo wangu ulikuwa na zile za umeme peke yake. Chomeka simu, uone kama laptopu inaonyesha mafaili yake. Isipoonyesha kabisa, badilisha waya kabla hujagusa kitu kingine.

Windows na Linux kwa kawaida huitambua simu zenyewe. Kwenye Mac, Android za zamani huhitaji draiva ya ziada kwa USB, hivyo huko tumia hotspoti.

Ikitokea laptopu inasema imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, na simu yenyewe ina mtandao, nenda kwenye mipangilio ya APN ya simu (lango ambalo simu hupitia kuingia intaneti), sehemu ya aina ya APN, uongeze neno dun baada ya default na supl, ukiyatenganisha kwa alama ya mkato (,). Soma pia masharti ya bando lako, kuna mabando yasiyoruhusu kushirikisha.

Halafu kuna hili lililoniuma. Windows ikiona simu kwa USB hudhani ni waya wa kawaida wa mtandao usio na kikomo. Nililala laptopu ikiwa wazi, ikashusha masasisho usiku kucha, bando la mwezi likaisha kabla ya alfajiri. Siku ya kwanza kabisa, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows uuweke muunganisho huo kuwa wa kupimwa (metered), yaani wenye kikomo cha data. Simu nayo ifute yote, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, usiingize akaunti yoyote, la sivyo programu zake zitakula data pembeni.

Betri usiipuuze hata kidogo. Yangu ya kwanza ilivimba hadi mfuniko wa nyuma ukanyanyuka, kwa sababu nilikuwa naiacha simu juu ya godoro, ndani ya kava, inachaji na kufanya kazi saa nyingi. Ukiona dalili hiyo zima, chomoa, usiitoboe, peleka ibadilishwe. Sasa naitoa kava na kuiweka karibu na dirisha penye hewa. Hapo pia inashika mnara vizuri zaidi, na waya wa mita mbili unanitosha kufika mezani.

Jaribu leo, kisha utuandikie modeli ya simu na mfumo wa laptopu yako, na kama kitufe cha USB kinabonyezeka au kimefifia. Tutaendelea kutokea hapo.