Je, maji yenye zebaki yanaweza kung'aa?

SWALI: Kisima chetu kiko jirani na mwalo ambako wachimbaji wadogo huchenjua dhahabu kwa zebaki. Nimeonyeshwa video ya karatasi inayong'aa chini ya taa ya zambarau baada ya kuchovywa katika maji yenye sumu hiyo. Je, ni kweli, na ninaweza kuitegemea? Msomaji, Geita.

JIBU: Ni kweli, ila kinachong'aa si zebaki yenyewe. Bila shaka umewahi kuona noti ikimulikwa dukani na alama zake zikajitokeza: rangi maalumu hunyonya mwanga wa urujuanimno, ambao macho hayauoni, kisha hutoa mwanga unaoonekana. Wakemia huchukua rangi ya namna hiyo na kuipandikizia sehemu inayonasa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za metali wanayoitafuta. Rodamini, kwa mfano, haina rangi wala haing'ai pete moja ya molekuli yake ikiwa imefungwa; lakini kwa kuwa zebaki huvutwa mno na salfa, ayoni yake ikinaswa na salfa iliyopandikizwa hapo, pete hufunguka, maji yakawa ya waridi na yakang'aa kwa rangi ya machungwa.

Shaba mara nyingi hufanya kinyume, yaani huzima mng'ao uliokuwapo. Vitambuzi vya kuzimika mimi huvitilia shaka zaidi, kwa sababu hata tope huzuia mwanga. (Mulika toniki yenye kwinini kwa taa ya noti, itang'aa buluu, tia chumvi ya mezani, mng'ao utafifia, ingawa hakuna sumu yoyote.)

Kuhusu kutegemea, uliza kwanza karatasi hiyo huanza kung'aa katika kiwango gani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni (isiyoungana na kaboni) kwa lita ya maji ya kunywa. Karatasi inayoanzia mikrogramu 100 itabaki kimya hata maji yakiwa na 50. Tena, kitambuzi hiki husoma ayoni zilizoyeyuka tu, ilhali zebaki ya mialoni kwa sehemu kubwa hushikamana na tope.

Kwa hiyo karatasi iking'aa, acheni kunywa maji hayo, wala msidhani kuyachemsha kutayasafisha. Isipong'aa, bado pelekeni sampuli katika ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mwanza, mkiomba kwanza chupa iliyoandaliwa na maabara, kwani zebaki hung'ang'ania kuta za chupa ya kawaida ya plastiki na kipimo kikasoma pungufu.